Sarufi ya Duara: Msimbo wa G na Matatizo ya Mwandishi Anayeanza

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi mwanafunzi anavyojifunza kuandika msimbo wa G, yaani lugha ya maandishi inayotumika kuziamuru mashine za kuchonga metali zinazoongozwa na kompyuta. Mkazo umewekwa katika uchongaji wa vipande vya duara, kwa kuwa hapo ndipo makosa ya wanaoanza hujitokeza kwa wingi. Makala inadai kwamba makosa hayo hayatokani na udhaifu wa hesabu pekee, bali yanatokana pia na sarufi ya lugha yenyewe: namna inavyobeba maana kutoka sentensi moja hadi nyingine, namna inavyochanganya vitovu viwili vya uelekezi, na namna uziada wa taarifa unavyotoweka pale ambapo duara ni kamili. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kuhusu mpangilio wa ufundishaji na nafasi ya Kiswahili katika ufundishaji huo.

1.0 Utangulizi

Mashine ya kwanza ya kuchonga iliyoongozwa kwa tarakimu ilionyeshwa hadharani mwaka 1952 katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani. Tangu hapo maagizo ya mashine za aina hiyo yamekuwa yakiandikwa kwa herufi na tarakimu. Chama cha viwanda vya elektroniki cha nchi hiyo kiliidhinisha kanuni zijulikanazo kama RS-274-D mwaka 1980, na mwaka 1982 Shirika la Kimataifa la Viwango likatoa kanuni zake zenye namba 6983. Hata hivyo, kuwapo kwa kanuni hakukuondoa tofauti. Kila mtengenezaji wa vidhibiti vya mashine aliongeza maneno yake na kuyapa baadhi ya maneno ya zamani maana mpya. Kwa hiyo msimbo wa G, sawa na lugha yoyote iliyosanifiwa, una lahaja. Kusanifishwa kwa Kiswahili chini ya kamati iliyoundwa mwaka 1930 hakukuiondoa Kimvita wala Kipemba. Vivyo hivyo, kuchapishwa kwa kanuni hakukuondoa tofauti za mashine na mashine.

Ni vema kubainisha mapema mpaka wa mlinganisho huu. Msimbo wa G si lugha asilia. Hauna wazungumzaji, hauna swali wala mzaha, na msikilizaji wake hana uwezo wa kukisia nia ya msemaji. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayoufanya uwe na mvuto kwa mwanaisimu. Katika mazungumzo ya watu, msikilizaji hurekebisha kimyakimya kauli iliyokosewa. Mashine hairekebishi. Hutekeleza kile kilichoandikwa, si kile kilichokusudiwa, na tofauti kati ya mambo hayo mawili huonekana katika chuma kilichoharibika, kikatio kilichovunjika, au mkono wa mtu uliojeruhiwa.

2.0 Muundo wa neno na sentensi

Neno la msimbo wa G lina sehemu mbili: herufi moja na tarakimu zinazoifuata. Herufi hutaja aina ya taarifa, na tarakimu hutaja kiasi au chaguo. Katika neno X40.0, herufi X inataja mhimili na tarakimu inataja mahali katika mhimili huo kwa milimita. Katika neno G02, herufi G inatangaza kwamba linalofuata ni agizo la aina ya mwendo au hali ya mashine, na tarakimu inachagua agizo lenyewe. Muundo huu unakaribiana na ule wa kiambishi na mzizi, ila hapa kiambishi hakiwezi kurundikwa juu ya kiambishi kingine.

Maneno hukusanywa katika mstari mmoja ambao unaweza kuitwa sentensi. Ndani ya sentensi mpangilio wa maneno una uhuru mkubwa. Mashine hutekeleza kwa utaratibu wake yenyewe. Kwa mfano, agizo la kuuzungusha mhimili wa kikatio hutekelezwa kabla ya mwendo ulio katika sentensi hiyohiyo, hata kama limeandikwa mwishoni.

Maneno ya msingi anayoyahitaji mwanafunzi ni machache. G00 ni mwendo wa kasi usiokata. G01 ni mwendo wa kukata katika mstari mnyoofu. G02 ni mwendo wa tao kwa kufuata akrabu za saa, na G03 ni tao kinyume cha akrabu. G17 huchagua bapa la X na Y, G21 hutangaza kwamba vipimo ni vya milimita, na G90 hutangaza kwamba mahali patatajwa kwa kurejelea nukta sifuri ya kazi. Herufi F hutaja kasi ya kusogea, S hutaja idadi ya mizunguko ya kikatio kwa dakika, na T hutaja kikatio. M03 huanzisha mzunguko wa kikatio, M05 huusimamisha, na M30 humaliza programu.

Jambo moja la tahajia linastahili kutajwa hapa. Katika vidhibiti kadhaa, hasa vya zamani, X40 isiyo na nukta ya desimali husomwa kuwa mikromita 40, si milimita 40. Nukta hubadilisha maana mara elfu moja. Mwanafunzi anashauriwa kuiandika daima.

3.0 Mfano wa kazi

Tuchukue bamba la chuma laini lenye upana wa milimita 80 kwa 80 na unene wa milimita 12, lililobanwa katika jiriwa. Inatakiwa kuchongwa uvimbe wa duara wenye kipenyo cha milimita 60 na kimo cha milimita 2 katikati ya bamba. Nukta sifuri imewekwa kwenye pembe ya chini kushoto, juu ya uso wa bamba. Kitovu cha duara kiko basi X40, Y40. Kikatio ni cha feleji, kina kipenyo cha milimita 10 na meno manne. Urefu wake umekwisha kupimwa, na taya za jiriwa ziko chini ya kina kitakachochongwa.

Hesabu ya kwanza inahusu njia ya kikatio. Mashine huongoza kitovu cha kikatio, si ukingo wake. Ili ukingo upite penye nusu kipenyo cha milimita 30, kitovu kinapaswa kupita penye 30 kuongeza 5, yaani 35. Kama lingekuwa shimo la duara badala ya uvimbe, kitovu kingepita penye 30 kutoa 5, yaani 25.

Hesabu ya pili inahusu kasi. Kwa kasi ya kukata ya meta 25 kwa dakika, idadi ya mizunguko hupatikana kwa kuzidisha 25 kwa 1000 na kugawanya kwa mzingo wa kikatio, ambao ni milimita 31.4. Jibu ni takriban 800. Ikiwa kila jino litakata milimita 0.05 katika kila mzunguko, kasi ya kusogea ni 800 mara 4 mara 0.05, yaani milimita 160 kwa dakika. Izingatiwe kwamba kasi hiyo ni ya kitovu cha kikatio. Penye ukingo wa uvimbe kasi halisi hupungua hadi takriban 137, kwa kuwa ukingo uko katika duara dogo zaidi. Katika shimo la kipenyo hichohicho ingepanda hadi 192. Kwa hiyo mwanafunzi anayehamisha namba za uvimbe kwenda kwenye shimo hukilemea kikatio bila kujua.

Programu inaweza kuandikwa hivi:

N10 G21 G17 G90 G40 G54
N20 T01 M06
N30 S800 M03
N40 G00 Z50.0
N50 G00 X5.0 Y-10.0
N60 G00 Z5.0
N70 G01 Z-2.0 F160.0
N80 G01 X5.0 Y40.0
N90 G02 X5.0 Y40.0 I35.0 J0.0
N100 G01 X5.0 Y90.0
N110 G00 Z50.0
N120 M05
N130 M30

Kikatio kinashuka nje ya bamba, kinaingia kwa mstari unaoligusa duara bila kulikata, kinazunguka mara moja, kisha kinatoka kwa mwelekeo uleule. Kuingia kwa njia hii huepusha alama ambayo ingebaki ukutani kama kikatio kingeliendea duara moja kwa moja kutoka upande. Mwelekeo wa G02 umechaguliwa kwa sababu, kikatio kikizunguka kwa M03, kuufuata ukingo wa nje kwa mwelekeo wa akrabu hufanya kila jino lianze na utepe mnene na kumaliza na mwembamba. Ndani ya shimo, matokeo hayohayo hupatikana kwa G03. Sehemu za pembe za bamba zitakazobaki huondolewa kwa mizunguko mingine ya nje.

4.0 Chanzo cha kwanza cha makosa: maana inayobebwa

Katika programu iliyotolewa, neno G01 la sentensi N80 lingeweza kuachwa. Agizo la mwendo likishatajwa huendelea kutawala mpaka litajwe lingine. Mzungumzaji wa Kiswahili anayo kanuni inayofanana na hiyo. Katika sentensi “Walilima na kupanda”, kitenzi cha pili hakina kiambishi cha nafsi wala cha wakati; vyote viwili huchukuliwa kutoka kitenzi cha kwanza. Mwanafunzi akielezwa msimbo kwa njia hii huelewa haraka kwamba ukimya ndani ya sentensi si utupu, bali ni urithi.

Hatari iko katika kusahau kilichorithiwa. Tuseme mwanafunzi ameacha G01 katika N70. Agizo linalotawala hapo ni G00 la N60. Kikatio kitashuka kwa kasi kubwa kabisa ya mashine, na kwa kuwa F haina nguvu juu ya G00, kuandikwa kwa 160 hakutasaidia kitu. Katika mfano huu kikatio kiko nje ya bamba, na huenda kisidhurike. Lakini urithi hauishii hapo: N80 ikiandikwa nayo bila G01, kikatio kitaingia ndani ya chuma kwa kasi hiyohiyo.

Aidha, si kila neno hurithiwa. I na J, zinazotaja mahali pa kitovu cha tao, hutajwa upya katika kila sentensi ya tao. Mwanafunzi aliyejifunza kanuni ya urithi kwa shauku huielekeza hata mahali isipohusika. Wataalamu wa ujifunzaji wa lugha ya pili wanaufahamu mwelekeo huu wa kuijumlisha kanuni kupita mpaka wake.

5.0 Chanzo cha pili: vitovu viwili vya uelekezi

Kila lugha ina njia mbili za kutaja mahali. Mtu anaweza kusema “Bagamoyo”, mahali palepale bila kujali msemaji yuko wapi. Au anaweza kusema “hatua tano mbele”, kauli isiyo na maana mpaka ijulikane imetamkwa wapi. G90 huchagua njia ya kwanza na G91 ya pili.

Tatizo la tao ni kwamba sentensi moja hutumia njia zote mbili. Katika N90, X na Y hutaja mwisho wa tao kwa kurejelea nukta sifuri, ilhali I na J, katika mashine nyingi, hutaja kitovu cha tao kwa kurejelea mahali kikatio kilipo wakati tao linaanza. Tamko la G90 halizigusi. Hali hii inakumbusha kauli taarifa inayochanganywa na kauli halisi: katika “Alisema kwamba nitakuja kesho”, msikilizaji hajui nafsi na kesho vinahesabiwa kutoka kwa nani.

Kanuni ni rahisi kuitamka: I ni X ya kitovu kutoa X ya mwanzo wa tao, na J ni Y ya kitovu kutoa Y ya mwanzo. Katika mfano wetu, I ni 40 kutoa 5, yaani 35. J ni 40 kutoa 40, yaani sifuri. Hata hivyo, vitabu vingi vya kufundishia huiweka nukta sifuri kwenye kitovu cha duara. Mpangilio huo hurahisisha hesabu, lakini huficha kanuni. Kitovu kikiwa sifuri, I huwa daima ni X ya mwanzo iliyobadilishwa alama, na mwanafunzi huhitimisha kuwa hiyo ndiyo kanuni yenyewe. Hitimisho hilo hutoa majibu sahihi mpaka siku nukta sifuri itakapohamishiwa kwenye pembe ya bamba.

6.0 Chanzo cha tatu: upatanisho unaotoweka

Mtu akisema “kitabu wangu”, msikilizaji hutambua kosa mara moja, kwa sababu taarifa ya ngeli hutolewa mara mbili: katika nomino na katika kivumishi. Uziada huo ndio unaowezesha kosa kujifichua. Tao la msimbo wa G lina upatanisho wa aina hiyo. Umbali kutoka mwanzo hadi kitovu na umbali kutoka mwisho hadi kitovu ni lazima ulingane, kwani vyote viwili ni nusu kipenyo cha duara moja. Mashine huupima ulinganifu huo na, usipopatikana, hukataa kuendelea.

Duara kamili huuondoa ulinzi huu. Mwanzo na mwisho wake ni nukta moja. Umbali wake kutoka kitovu chochote kile ni mmoja. Tuseme mwanafunzi, akidhani I na J ni majira ya kitovu, ameandika:

N90 G02 X5.0 Y40.0 I40.0 J40.0

Mashine itaelewa kwamba kitovu kiko X45, Y80, na nusu kipenyo ni takriban milimita 56.6. Hakuna kilichokiuka sarufi. Kikatio kitazunguka duara kubwa, kitoke nje ya bamba, kisha kirudi na kupita juu ya uvimbe uliokusudiwa kubaki. Hii ni sentensi sahihi kisintaksia yenye maana isiyokusudiwa, na hakuna wa kuipinga.

Duara hilohilo likigawanywa katika nusu mbili, uziada hurudi:

N90 G02 X75.0 Y40.0 I35.0 J0.0
N95 G02 X5.0 Y40.0 I-35.0 J0.0

Kosa la I40 J40 katika sentensi ya kwanza sasa hujifichua: umbali wa mwanzo ni 56.6, wa mwisho ni 50, na mashine husimama. Zaidi ya hayo, kubadilika kwa alama ya I kutoka 35 hadi kutoa 35, ilhali kitovu ni kilekile, humwonyesha mwanafunzi waziwazi kwamba I huhesabiwa kutoka kikatio kilipo.

Isidhaniwe kuwa ulinzi huu ni kamili. Katika nusu duara, kosa la J peke yake halijifichui, kwa kuwa mwanzo, mwisho na kitovu viko katika mstari mmoja wa mlalo. I35 J40 itapita. Ukigawanya duara katika robo nne, kosa hilo hunaswa. Lakini kubadilishana kwa I na J, ambako nusu duara hukunasa, katika robo hupita. Kila mgawanyo unaona kile ambacho mwingine hauoni.

Vidhibiti vingi huruhusu pia kutaja nusu kipenyo moja kwa moja kwa herufi R. Wanaoanza huipenda njia hii kwa wepesi wake. Lakini nukta mbili na nusu kipenyo kimoja, kwa mwelekeo mmoja, huzaa matao mawili. Kutoka X35 Y0 hadi X0 Y35 kwa G03, R35 hutoa tao la nyuzi 90 lenye kitovu kwenye sifuri, na R-35 hutoa tao la nyuzi 270 lenye kitovu X35 Y35. Alama ya kutoa haimaanishi hapa umbali hasi. Ni kitofautishi cha utata. Kuhusu duara kamili, R haina la kusema kabisa, maana maduara yanayopitia nukta moja hayana idadi.

7.0 Nafasi ya Kiswahili

Herufi F, S na T ni vifupisho vya maneno ya Kiingereza. Kwa anayekijua Kiingereza, herufi hizo hubeba dokezo la maana. Kwa asiyekijua, ni alama za nasibu sawa na G, I na J. Fundi mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hubeba basi mzigo zaidi wa kukariri, na mara nyingi mwongozo wa mashine nao uko katika Kiingereza. Matokeo yake ni kukariri programu nzimanzima, na kuibadilisha tarakimu moja moja kwa kubahatisha.

Dawa si kuzitafsiri herufi, kwa kuwa mashine haitazielewa. Kinachowezekana ni kumtaka mwanafunzi aandike, kando ya kila sentensi ya msimbo, sentensi kamili ya Kiswahili inayotaja hata kile kilichorithiwa. Kando ya N80 ataandika: “Kutoka X5 Y-10, kikiwa kina cha milimita 2 chini ya uso, kikatio kinasogea kwa mstari mnyoofu hadi X5 Y40 kwa kasi ya milimita 160 kwa dakika.” Kando ya N90 ataandika: “Kutoka hapo kilipo, kitovu kiko milimita 35 upande wa kulia.” Maneno “kutoka hapo kilipo” yanarudisha uziada ambao msimbo umeuondoa. Anayeandika I40 J40 atalazimika kuandika kwamba kitovu kiko milimita 40 kulia na 40 juu ya kikatio, naye akitazama mchoro ataona kuwa sivyo.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba makosa ya anayeanza kuandika msimbo wa duara yana mpangilio, na kwamba mpangilio huo unaelezeka kwa dhana za kiisimu: urithi wa maana, kitovu cha uelekezi na upatanisho. Kutokana na hayo inapendekezwa kwamba nukta sifuri iwekwe nje ya kitovu cha duara tangu mazoezi ya mwanzo. Kwamba nusu duara na robo duara zitangulie duara kamili. Kwamba R ichelewe mpaka I na J zimekwisha kueleweka. Na kwamba G41 na G42, ambazo huiachia mashine kazi ya kuongeza au kupunguza nusu kipenyo cha kikatio, zifundishwe baada ya mwanafunzi kuweza kuikokotoa njia hiyo kwa mkono. Kila programu mpya ipitishwe kwanza hewani, kikatio kikiwa juu ya bamba, sentensi moja baada ya nyingine. Sarufi ya mashine ina uwezo wa kukataa kilichovunja kanuni. Haina uwezo wa kukataa kilichofuata kanuni kikakosa lengo, na sehemu hiyo ya kazi inabaki kwa anayeandika.